Wayua na Kipande cha Chini

Wayua alikuwa na mazoea ya kusoma fomu kuanzia chini. Sehemu ya juu aliijua, kwa kuwa aliiandika mwenyewe: jina la mgonjwa, kijiji, tarehe, anaumwa nini, anapelekwa wapi. Huko juu palikuwa na mwandiko wake wa darasa la nane, herufi zimelala kidogo upande mmoja kama mahindi baada ya upepo. Kilichomkosesha utulivu kilikuwa chini, baada ya mstari wa vitone ambapo karatasi huchanwa. Kipande kile humrudia mhudumu baada ya mgonjwa kupokelewa hospitalini, kikiwa na muhuri na maneno mawili matatu ya daktari: ameonekana, ametibiwa, arudi tarehe fulani. Kisiporudi, ni kama umemwita mtu ng'ambo ya mto, kisha ukabaki ukisikiliza maji.

Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii katika vijiji vilivyo nyuma ya Kithimani, upande wa mfereji wa Yatta, mahali ambapo hatua thelathini hutenganisha shamba la kijani la mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa ng'ambo, na ardhi nyekundu isiyoota kitu ila mvua ikipenda. Nyumba mia moja zilikuwa zake. Alichaguliwa barazani siku ambayo hakuwepo. Alikuwa nyumbani akifua, na habari zikamkuta mikono ikiwa na povu. Waliomchagua walisema ni kwa sababu Wayua hajui kupita mbele ya boma bila kuuliza habari za waliomo. Mumewe, mchonga vinyago kule Wamunyu aliyekuja nyumbani mara mbili kwa mwezi, alicheka na kusema kwamba sasa serikali imempa mkewe ruhusa ya kufanya umbea.

Ulikuwa umbea wenye mizani. Mkoba aliopewa ulibeba mizani ya kupimia watoto, kipimajoto, mashine ya presha, na utepe wa rangi tatu wa kuzungushia mkono wa mtoto, ukifika kwenye nyekundu moyo unaruka. Ulibeba pia daftari la fomu za rufaa. Simu ya kazi ilikuja baadaye na kumeza hesabu nyingi, lakini mgonjwa wa kupelekwa mbali bado alihitaji karatasi mkononi. Kwa miaka minane Wayua alijua ni moshi upi umechelewa kutoka jikoni mwa nani, na kwa nini. Na ukutani mwake, juu ya kabati la vyombo, kilining'inia cheti chake cha uhudumu ndani ya kioo, chenye picha yake, jina lake lote, na muhuri wa duara. Hakuwahi kupata karatasi nyingine kama ile. Kila Jumamosi alikifuta vumbi kabla hajafuta kitu kingine.

Kisha ikaja Novemba ile ya mvua nzuri, na Bartholomew akamwita zahanati.

Bartholomew ndiye aliyewasimamia wahudumu wote wa eneo lile, kijana mpole aliyeongea taratibu, na upole wake ndio uliouma. Alimwambia kwamba tangu Julai ameandika fomu kumi na tisa, na vipande vya chini vilivyorudi ni vinane. Akamuuliza kama kweli anawafikia watu, au kama labda watu hawamwamini.  Wayua alisimama pale akihisi kama amevuliwa kilemba mbele ya wageni. Majina kumi na moja aliyajua bila kufungua daftari. Kati ya hayo kumi na moja, moja lilimchoma kuliko yote: Mutheu, mtoto wa Kamene.

Mutheu alizaliwa Septemba, na nyayo zake zilitazamana kama viganja vya mtu anayesali. Miguu yote miwili ilikuwa imepinda kwa ndani kuanzia kwenye kifundo. Wayua alimkuta siku ya tisa, akamfunua shuka, na badala ya huzuni akapata msisimko uliokaribia kumwaibisha. Maana hii aliijua. Walikuwa wamefundishwa kwenye semina: mguu wa namna hii, katika wiki za kwanza, ni laini kama unga uliokandwa. Unanyooshwa kidogo kwa mkono, unafungwa plasta. Wiki inayofuata plasta inatolewa, unanyooshwa kidogo tena. Wiki sita, saba, halafu viatu maalumu, na mtoto anakimbia kama wenzake. Ilikuwa moja ya mara chache katika kazi ile ambapo palikuwa na mlango, na ufunguo wake ulijulikana ulipo. Aliandika fomu palepale, goti likiwa meza.

Kipande cha chini hakikurudi. Alirudi kwa Kamene mara tatu, na kila mara Kamene alijibu kwamba walienda, huku akitazama vidole vyake mwenyewe. Lakini miguu ya mtoto ilikuwa vilevile. Wayua alianza kufikiri wamekwenda kwa mtu wa mizizi, au kwamba wameamua kumficha mtoto chumbani. Hasira ikamkaa.

Na sasa Bartholomew alikuwa na neno jingine. Kliniki ya miguu, iliyokuwa mjini Machakos na iliyofanya kazi Jumanne tu, ilikuwa imempigia simu. Fundi wa plasta alikuwa anaondoka kwenda mafunzoni. Kesho ndiyo Jumanne ya mwisho ya kupokea watoto wapya. Walioanzishwa wataendelea na msaidizi wake, lakini wapya watangoja hadi katikati ya Januari. Mutheu alikuwa na wiki kumi. Kufikia Januari angekuwa anakaribia miezi mitano, na ule unga uliokandwa ungekuwa umeanza kuwa mkate.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Bartholomew alitaka nakala ya orodha ya fomu zote kumi na tisa, kwa hiyo Wayua alikwenda nayo kwenye duka la Haweya, karibu na barabara ya Garissa. Haweya aliuza kalamu, madaftari na kadi za simu, na alikuwa na mashine ya fotokopi iliyolia kama mbuzi anayekohoa. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini. Yeye alizaliwa Matuu na Kikamba chake kilikuwa na kasi kuliko cha Wayua. Aliweka karatasi kwenye kioo, akasita, akaitoa tena na kuitazama.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Hii mwandiko iliyolala usingizi. Nimeipiga kopi tangu Julai mpaka nimeijua kama ya mama yangu."

Wayua alimuuliza ameipiga kopi wapi.

"Hapa hapa. Watu wa kwenu wanakuja nazo. Nawauliza, hii si ni ya kupeleka hospitali? Wananiambia, Haweya, wewe piga. Kopi inaenda hospitali, orijino inarudi nyumbani kulala." Alibonyeza kitufe, mashine ikakohoa. "Nikadhani ndiyo sheria yenu nyinyi madaktari."

 Wayua akaanza kucheka, akashika kaunta, akacheka hadi mteja aliyekuwa mlangoni akarudi nyuma hatua moja. Hawakumdharau. Hakuna hata mmoja aliyemdharau. Walikuwa wameichukua karatasi yake, yenye muhuri wa zahanati, wakaiheshimu kupita kiasi. Wakaifungia kwenye masanduku pamoja na hati za mashamba na kadi za ubatizo.

Na alijua nani aliyewafundisha.

Kila mtu upande ule wa mfereji aliijua hadithi ya Mzee Ngui. Zamani, ardhi ilipokuwa inapimwa, Ngui alipeleka barua yake ya shamba kwenye ofisi fulani ambayo siku hizi ni duka la misumari. Mtu mwenye tai aliipokea kwa heshima na kumwambia arudi Alhamisi. Alirudi Alhamisi. Alirudi Alhamisi zote za miaka miwili, na barua haikuonekana, hadi shamba likaja kuokolewa na mashahidi saba waliosimama juani kuonyesha kila jiwe la mpaka. Tangu hapo, katika mazishi, katika mazungumzo ya mahari, hata nje ya kanisa baada ya misa, Ngui alihubiri neno moja: karatasi yenye muhuri haiachwi mikononi mwa mtu. Peleka kivuli chake, mwili ubaki nyumbani.

Ngui alikuwa baba mkwe wa Kamene. Mutheu alikuwa mjukuu wake.

Wayua hakungoja chenji. Alifuata njia ya mfereji kwa miguu, mkoba ukimpiga kiunoni, huku maji mekundu ya mvua yakienda naye kwa kasi upande wa kulia kana kwamba nayo yamesikia. Njiani alipanga maneno na kuyapangua. Alipofika, Kamene alikuwa kwenye kivuli cha jikoni, mtoto mapajani, na Ngui ameketi kwenye kigoda akichambua mbegu za kunde. Mzee alikuwa na miaka sabini na minane. Shingoni alivaa rozari, na kwenye uzi mwingine, ufunguo.

Wayua alimwamkia, akauliza habari za mbegu na za mgongo. Kisha akauliza moja kwa moja kama fomu ya Mutheu iko kwenye sanduku.

"Iko," alisema Ngui bila wasiwasi wowote. "Imekaa vizuri. Haina hata kunyanzi."

Hapo ndipo Kamene alipofungua mdomo, na yote yakatoka kwa mkupuo. Walikwenda kweli, yeye na mumewe Kisilu, kabla Kisilu hajarudi kazini Mavoko. Walibeba kopi ya fomu na kopi ya kitabu cha kliniki. Karani aliwaambia kwa upole kwamba hawezi kumfungulia mtoto faili kwa kopi, walete fomu yenyewe na kitabu chenyewe. Wakarudi. Kisilu aliona aibu kumwambia baba yake kwamba kivuli kimekataliwa, na Kamene aliona aibu kumwambia Wayua kwamba wamekwenda bila fomu. Aibu mbili zikakaa nyumba moja, na mtoto katikati.

"Basi andika ingine, mwiitu," alisema Ngui. Alimwita hivyo, binti, kama alivyomwita tangu alipokuja kuolewa kijijini.

"Nikiandika ingine, asa, utaifanyia nini?" aliuliza Wayua, akimwita baba kwa Kikamba.

Mzee alifikiri kwa uaminifu. "Nitaifungia."

"Na kitabu cha kliniki?"

"Kile kiko na jina la mke wangu. Hakitoki."

Kwa kusema mke wake alimaanisha mtoto. Mutheu alipewa jina la bibi yake aliyefariki miaka minne iliyopita, na kwa desturi Ngui alimtania kwa jina la mke tangu alipozaliwa: mke wangu ameamka, mke wangu ananinyima usingizi. Lakini Wayua alimwona anavyomtazama, na haukuwa utani wote. Mtu aliyezika jina kisha akarudishiwa halishiki kwa vidole viwili.

Kamene alimkonyeza Wayua. Macho yake yalisema: mzee hulala kidogo baada ya chakula, na ufunguo hutoka shingoni. Wayua aliielewa njia ile na kwa dakika moja aliitamani. Wangefika mjini kesho na plasta ya kwanza ingewekwa. Lakini plasta ya kwanza si mguu. Kuna ya pili, ya tatu, ya sita. Kuna viatu vyenye chuma katikati vya kuvaliwa usiku na mchana, kisha usiku tu hadi mtoto afikishe miaka minne. Hakuna awezaye kumwiba mtoto kila Jumanne kutoka nyumba ya babu yake. Mzee alipaswa kuwa ndani ya jambo hili, au jambo lisingekuwepo.

Aliketi chini, mkekani, karibu na miguu ya mzee.

"Asa, yule mtu wa tai. Alipochukua barua yako, alikuachia nini?"

Ngui aliacha kunde. 

"Aliniachia Alhamisi," alisema.

Wayua aliinuka. Aliwaomba wamngoje, akaacha mkoba wake palepale mkekani, na mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye wajukuu wawili, akakimbia. Alikimbia kupita mashamba ya mishiri, kupita wanawake waliokuwa wakipalilia ambao walisimama na majembe yao kuuliza nani amekufa. Hakuwajibu. Nyumbani alipanda juu ya kiti, akakitoa cheti ukutani, pakabaki alama ya mraba mweupe mahali kilipokuwa. Mikono yake ilisita mara moja tu, pale alipogeuza vijipini nyuma ya fremu. Kisha akakiviringisha ndani ya leso safi na kukimbia tena.

Alikiweka kwenye goti la Ngui.

"Orijino kwa orijino," alisema, akihema. "Hii ndiyo karatasi yangu. Sina ingine kama hii. Weka ndani ya sanduku, funga, ufunguo ubaki nao. Mimi nipe ya Mutheu na kitabu chake. Siku karatasi yako itakaporudi, yangu itarudi."

Mzee alifuta mikono kwenye suruali. Alikiinua cheti juani, akatazama muhuri ukiangaza kwa nyuma. Alilowesha kidole na kugusa ukingo wake kuona kama wino utatoka. Akailinganisha picha na uso uliokuwa mbele yake, uso uliojaa jasho na vumbi, na akachukua muda wake.

"Na yangu isiporudi?"

"Basi wewe ndiwe mhudumu. Watu watakuja kukuamsha hapa na kuhara kwao."

Kicheko cha Ngui kilianza tumboni na kuchelewa kufika mdomoni. Alivua uzi wa ufunguo. Walisikia sanduku la bati likiburutwa kutoka chini ya kitanda, kisha kimya, kisha akatoka akiwa na fomu na kitabu cha kliniki vimewekwa ndani ya mfuko wa plastiki, vimenyooka kama vilivyopigwa pasi. Wayua alinyoosha mkono. Mzee akavirudisha kifuani.

"Nazibeba mimi," alisema.

Jumanne walikuwa kliniki kabla mlango haujafunguliwa: Wayua, Kamene na mtoto, na Mzee Ngui kwenye koti lake la kanisani, mfuko wa plastiki ukiwa ndani ya shati. Benchi lilijaa akina mama na watoto wenye miguu ya plasta nyeupe, na Ngui aliitazama ile miguu mmoja mmoja, akahesabu kimoyomoyo. Kwenye dirisha la karani alitoa fomu, akaiweka mezani, lakini vidole vyake havikuachia. Karani, mama mtu mzima mwenye miwani shingoni, alisoma hivyo hivyo, ikiwa chini ya vidole vya mzee. Akaipiga muhuri. Akaandika. Halafu, kama alivyofanya mara elfu, akaikunja kwenye mstari wa vitone na kuanza kuichana.

Ngui alimshika mkono.

Benchi zima liligeuka kutazama. Kamene aliinamisha uso juu ya mtoto.  Wayua aliona kila kitu kikirudi nyuma, koti, mfuko wa plastiki, njia ndefu ya nyumbani, na Januari. Wakati wote alikuwa amemwambia mzee kwamba karatasi itarudi. Hakuwa amemwambia kwamba itarudi nusu.

"Asa," alisema kwa sauti ya chini, "nusu ya juu inabaki hapa ili wamjue Mutheu. Nusu ya chini ndiyo wewe unarudi nayo. Iangalie. Alhamisi ya yule mtu wa tai haikuwa na muhuri. Hii iko nao."

Ngui alikiangalia kipande cha chini. Wino wa muhuri ulikuwa bado mbichi. Aliusoma polepole, akitamka kila neno, na alipofika kwenye tarehe akarudia: tarehe ya leo, si Alhamisi ya mtu yeyote. Kisha akamwachia karani mkono, akashika upande wake wa karatasi kwa vidole viwili.

"Chana," alimwambia. "Lakini pole pole. Kuna jina la mke wangu."

Wakaichana pamoja, karani akishika juu na mzee akishika chini, kitone baada ya kitone. Mama mmoja kwenye benchi akapiga makofi bila kujua anayapigia nini.

Ndani, fundi wa plasta alilowesha bandeji kwenye maji ya uvuguvugu. Aliushika mguu wa Mutheu kama mtu anayeshika kifaranga, kidole gumba kwenye mfupa mmoja, na akausukuma kidogo tu kuelekea nje, akangoja, akausukuma tena. Mtoto alilia kwa hasira, kisha kwa uchovu, kisha akashika kidole cha babu yake na kukinyonya. Wayua alisimama pembeni akimfikiria mumewe kule Wamunyu, anavyotafuta mnyama ndani ya gogo kwa kuondoa na kuondoa. Huyu hakuondoa kitu. Alikuwa anaukumbusha tu mguu mahali ulipotakiwa kwenda. Walipotoka, Mutheu alikuwa amelala, plasta mbili nyeupe zimechungulia kwenye shuka, na Ngui alikuwa akimwambia kila aliyekutana naye kwamba mkewe amevaa buti.

Habari zilifika kijijini kabla yao. Jumatano asubuhi, Wayua alipofungua mlango, watu wanne walikuwa wameketi chini ya ukingo wa paa, kila mmoja na mfuko wa plastiki. Kufikia Ijumaa wote kumi walikuwa wamekuja. Walisikia kwamba Wayua anabadilishana orijino kwa orijino, na walitaka masharti yale yale aliyopewa Ngui. Hakuna aliyekuwa tayari kuachia fomu yake hivi hivi.

Wayua alizitoa karatasi za maisha yake. Kadi yake ya ubatizo iliingia kwenye sanduku la mwanamke mwenye presha. Cheti cha kwaya, nafasi ya pili, kilikwenda kwa baba mwenye kikohozi cha miezi miwili. Cheti cha semina ya kunawa mikono kilimtosha mama kipofu ambaye hakuwa anapelekwa hospitali bali kwa afisa wa huduma za jamii, ili aandikishwe apate msaada wake. Alikipapasa muhuri wake uliochomoza na kusema ni mzito, unafaa. Alipofika mtu wa kumi, mwenye ngiri, Wayua hakuwa na karatasi iliyobaki ila cheti cha chanjo ya mbwa wake. Alikileta nje akiwa na aibu. Yule bwana alikikagua, akaona muhuri, akaona sahihi, akauliza mbwa anaitwa nani. Akaambiwa Simba. Akakikunja kwa uangalifu na kusema kwamba hilo halina shida, mradi ni orijino.

Vipande vya chini vilianza kurudi. Kimoja Jumatatu, viwili Alhamisi, vitatu kwa siku moja. Kila kimoja kililetwa na mwenyewe, mkononi, na kila kimoja kilibadilishwa na karatasi ya Wayua pale pale mlangoni, pande zote mbili zikitoa kwa mkono wa kulia na kupokea kwa mkono wa kushoto, kwa wakati mmoja, kama watu wasioaminiana wanaobadilishana mbuzi. Bartholomew alipoviona vyote kumi na tisa vimepangwa mezani kwake, alivihesabu mara mbili. Kisha akaomba kuona cheti cha Wayua, kwa ajili ya faili mpya.

"Kiko rumande," alisema Wayua.

Maana Ngui alikataa kukirudisha. Alileta kipande cha chini siku ileile ya Jumanne, akakikabidhi kwa heshima zote, akangoja Wayua akisome kuanzia muhuri kwenda juu. Lakini alipoulizwa cheti, alitikisa kichwa. Plasta si kutembea, alisema. Tulikubaliana yangu ikirudi, yako inarudi. Karatasi imerudi nusu, na mguu bado haujarudi. Wayua alijaribu kubishana, akaona kwamba mzee hana kosa. Alimwambia Bartholomew angoje. Bartholomew aliuliza angoje hadi lini. Hadi mtoto atembee, alijibiwa, na yule kijana mpole akaandika jambo fulani kwenye faili ambalo hakumwonyesha.

Hivyo Jumanne zilipita, na Ngui hakukosa hata moja. Plasta ya pili, ya tatu, ya sita. Jeraha dogo nyuma ya kisigino lililopona kabla ya mahindi kukauka. Viatu vyenye chuma katikati, ambavyo Mutheu aligongesha ukutani usiku kucha hadi nyumba nzima ikazoea kulala kwa mdundo huo. Wayua alipita kila wiki, akamkagua vidole, na kila mara alitazama upande wa chumba cha mzee, ambako cheti chake kililala gizani. Mraba mweupe ulibaki ukutani kwake. Aliacha kuufunika.

Ilikuwa Novemba nyingine, mvua imeanza vizuri tena. Wayua alikuwa nje akimpima mtoto wa jirani, mizani imening'inizwa kwenye tawi, aliposikia sauti ya Ngui njiani ikiongea na mtu kwa utani, ikimhimiza, ikimwambia kwamba yeye ni mzee na hawezi kungoja mwanamke mzembe namna hii. Wayua aliwaona wakija kando ya mfereji: koti la kanisani, na chini yake, kwenye kimo cha goti, gauni la njano.

Hakuwatazama nyuso kwanza. Alitazama ardhi nyuma yao. Udongo ulikuwa na unyevu wa jana, mwekundu, unaoshika kila kitu. Pembeni mwa alama za viatu vya mzee palikuwa na nyingine, ndogo, zinazoyumba, zikienda kushoto na kurudi. Kila moja ilikuwa na kisigino. Kila moja ilikuwa na vidole vitano vilivyotazama mbele. Alizisoma kutoka kule chini zilikoanzia, moja baada ya nyingine, hadi zilipofika mbele yake na kusimama.

Mutheu alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye leso. Aliachia kidole cha babu yake, akapiga hatua tatu peke yake, akakaa chini kwa kishindo, na kumnyooshea Wayua.

Kilikuwa cheti. Jina lote lilikuwepo, picha ilikuwepo, muhuri ulikuwepo. Pembe ya chini, upande wa kushoto, haikuwepo. Badala yake palikuwa na alama za meno manne.

Wayua alikipokea kwa mikono miwili. Ngui aliinama, akamwinua mkewe kutoka matopeni na kumpangusa magoti.

"Hiyo pembe ameitafuna leo asubuhi tu," alisema. "Mwaka mzima sandukuni haikuwa na hata kunyanzi. Sasa iweke mahali pazuri, mwiitu. Karatasi hupotea."